Mlima mmoja, kahawa mbili: ladha inayopotea mpakani Malaba

Katika msururu wa malori yanayotoka Uganda kuingia Kenya kupitia Malaba, trela lililobeba kahawa halina alama ya kulitambulisha. Limepigwa lakiri kama mengine, limefungwa kifaa cha kielektroniki cha kufuatilia mzigo, na dereva wake anangoja stakabadhi zigongwe mhuri ili aendelee na safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi bandari ya Mombasa. Ukisimama kando yake hutanusa chochote. Kahawa ambayo haijakaangwa hunukia nyasi kavu tu, na hata harufu hiyo imefungiwa ndani ya kontena.

Ndani ya kontena hilo ndimo lilimo zao la kilimo linaloiingizia Uganda fedha nyingi zaidi za kigeni. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, nchi hiyo iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6 ya kilo 60 kila moja, ikapata zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani. Kahawa nyingi kati ya hiyo hupitia Malaba na Busia. Lakini ingia kwenye vibanda vilivyo kando ya barabara, pale madereva na matanboi wanapopumzika wakingoja karatasi zao. Kwenye meza utakuta chai ya maziwa na chapati, au uji. Kahawa, ikiwapo, ni unga wa kopo uliosagwa na kufungwa mbali na hapa.

Jambo hili linastahili kutuuma zaidi ya linavyotuuma. Watu wa mpaka huu wanaishi katikati ya mashamba ya kahawa, kaskazini na magharibi mwao, na bado hakuna kahawa duniani inayojulikana kwa jina la mahali wanapoishi. Udongo hauna kosa. Mstari uliochorwa zaidi ya miaka 120 iliyopita, pamoja na sheria zilizowekwa kila upande wake, ndivyo vilivyoamua nani apande kahawa, aisindike vipi, na iuzwe kwa jina la nani.

Mlima na ziwa

Kaskazini mwa Malaba unasimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani, kilele chake kina mita 4,321, na miteremko yake ina udongo mwekundu wenye kina, unaoshika maji. Hapa kahawa ni arabika, inayopenda baridi ya miinuko. Upande wa Kenya inalimwa Cheptais, Sirisia, Chwele, Kimilili na Kapsokwony. Upande wa Uganda inalimwa kuzunguka Mbale, Bududa, Sironko na Kapchorwa, penye maporomoko ya Sipi.

Ukishuka kuelekea Ziwa Victoria, nchi inatambaa karibu na mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto linaongezeka, na arabika inaanza kusumbuliwa na magonjwa. Hapo panaanza himaya ya robusta. Kahawa hii ni ya ukanda huu tangu asili. Ilimea yenyewe misituni Uganda kabla ya mzungu yeyote kuleta mche. Waganda waliitafuna walipofanya udugu wa kuchanjana damu, na Wahaya wa Bukoba hadi leo huichemsha mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huianika na kumkaribisha nayo mgeni. Leo robusta ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda. Kenya huilima kwa uchache mno, na mahali pamojawapo inapoonekana ni hapa Busia, miti michache kando ya mihogo, miwa na tumbaku.

Wataalamu wa chembe za urithi wamegundua jambo ambalo kila mtoto wa shule wa Busia angepaswa kufundishwa. Arabika, kahawa inayosifiwa zaidi duniani, ilizaliwa porini maelfu mengi ya miaka iliyopita kutokana na muungano wa aina mbili: robusta, ambayo jina lake la kisayansi ni Coffea canephora, na kahawa nyingine ya mwituni iitwayo Coffea eugenioides. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44, ilhali kila mmoja wa wazazi wake ana 22. Wazazi hao wote wawili ni wenyeji wa nchi za maziwa makuu. Tukisema kahawa ni zao la kigeni tulilopewa na wakoloni, tunausahau ukoo wake, na ukoo wenyewe una mizizi katika ardhi hii.

Mstari wa 1902

Hadi mwaka 1902, nchi yote kuanzia hapa mpakani hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo upande wa Kenya. Mpaka ukapitishwa mlimani na kuteremka ukiifuata mito, ikiwamo Malaba na Sio. Wateso wakajikuta pande zote mbili. Wagisu na Wabukusu, watu wenye jadi moja ya tohara na lugha zinazoelewana, wakawa raia wa serikali mbili.

Kwa upande wa kahawa, tofauti ilikuwa kubwa. Uganda, mkulima Mwafrika alihimizwa kulima mazao ya biashara. Katika Bugisu arabika ilianza kupandwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na miaka ya 1930 serikali ikaanzisha mpango maalumu wa kuisimamia. Mwaka 1954 wakulima walikuwa na chama chao kikuu, Bugisu Co-operative Union, chenye makao Mbale.

Kenya, kahawa ilikuwa mali ya walowezi. Mwafrika alizuiwa kuilima, kwa kisingizio kwamba angeeneza magonjwa na kuharibu sifa ya zao. Katikati ya miaka ya 1930 ndipo majaribio madogo yaliporuhusiwa Kisii, Embu na Meru. Kwa mkulima wa kawaida mlango ulifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Huku magharibi, serikali ya kikoloni ilisukuma pamba, na viwanda vya kuchambulia pamba kama kile cha Malakisi vilikuwa ushahidi wa msukumo huo. Kwa hiyo mzee wa Kigisu alikuwa na mti wa kahawa uliokomaa, wenye kumlipia mwanawe karo, wakati jamaa yake wa ng'ambo ya mto hakuwa na haki ya kuupanda.

Mbegu hazikuutambua mpaka huo. Katika miaka ya 1930 maabara ya Scott, iliyokuwa Kabete nje ya Nairobi, ilichagua miti bora na kuipa namba. SL28 ikawa fahari ya Kenya. SL14, iliyotoka katika maabara hiyo hiyo, ilivuka na kuwa kipenzi cha wakulima wa Elgon upande wa Uganda. Ni mlima mmoja wenye udongo mmoja na miche ya nyumba moja. Hata hivyo, vikombe vinavyotoka kila upande havifanani.

Fakitari na mashine ya mkono

Tofauti hiyo huanza siku tunda linapochumwa. Upande wa Kenya, mkulima hupeleka matunda mekundu kwenye kiwanda cha chama chake cha ushirika, ambacho wengi hukiita fakitari. Matunda yanachaguliwa, yanapimwa na kuambuliwa siku hiyo hiyo. Kahawa inalazwa kwenye matangi mpaka utelezi uachie, inaoshwa, mara nyingi inalowekwa tena kwenye maji safi, kisha inaanikwa juu ya meza za waya ambapo wafanyakazi huigeuza na kuifunika jua likiwa kali. Matunda yaliyokosa sifa huanikwa mazima na kuuzwa kwa bei ya chini kama mbuni. Kazi hiyo yote ndiyo huipa kahawa ya Kenya uchachu wake safi, ule unaomkumbusha mnywaji zambarau mbivu.

Upande wa Bugisu, kwa miaka mingi familia nyingi zimefanya kazi hiyo nyumbani. Wana mashine ndogo ya kuambulia inayozungushwa kwa mkono, ndoo ya kulowekea, na turubai au mkeka wa kuanikia. Kila nyumba ina maji yake, saa zake na uzoefu wake. Kahawa inayotokana na kazi hiyo ni nzito mdomoni, yenye uchachu wa wastani na ladha inayoelekea chokoleti na zabibu kavu. Ikisindikwa vizuri ni kahawa ya heshima. Tatizo huja inapochanganywa na ya jirani aliyeiacha ikanyeshewa, kwa sababu mnunuzi wa gunia zima hulipa bei ya ile mbaya.

Robusta nayo ina njia yake. Mkulima wa Uganda huianika na ganda lake, na ikikauka hivyo huitwa kiboko. Kinu cha mjini kinakoboa ganda, inabaki kase, kisha inapelekwa Kampala kuchujwa kwa ukubwa wa punje kabla ya kuanza safari ya Malaba. Ikianikwa chini kwenye udongo, inabeba harufu ya udongo hadi kikombeni, na hapo ndipo robusta ilipopatia jina baya. Ikichumwa mbivu, ikaoshwa na kuanikwa juu ya meza, hutoa ladha ya kakao na karanga zilizokaangwa, pamoja na nguvu: kafeini yake inakaribia mara mbili ya ile ya arabika. Mwaka 2010 vigezo vya kimataifa vya kuonja na kupima robusta bora viliandaliwa kwa ushirikiano na mamlaka ya kahawa ya Uganda. Kwa hiyo hata lugha ambayo dunia inaitumia leo kuisifu robusta imepikwa kwa sehemu kubwa kwa jirani yetu.

Kila mfumo una uchungu wake. Mkulima wa Kenya ana kahawa safi, lakini kwa miongo mingi amengoja malipo kwa miezi, na yalipofika yalikuwa yamekatwa madeni ya chama, gharama za kinu na ada za madalali. Mkulima wa Uganda, tangu ukiritimba wa bodi ya serikali uvunjwe mwaka 1991, hupata pesa taslimu mlangoni, ila mchuuzi anayelipa papo hapo mara nyingi hajali kama kahawa ilikaushwa vizuri. Huku ubora unalindwa na mlimaji anacheleweshewa haki yake. Kule mlimaji analipwa mapema na ubora unaachwa ujitunze. Mpaka umezigawa nusu mbili za mfumo ambazo zingeunganishwa, mkulima angepata pesa na heshima kwa pamoja.

Miaka ya Chepkube

Kuna wakati mpaka huu ulijulikana kwa kahawa, ila kwa sababu ya huzuni. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazili, hasa jimbo la Paraná, na bei ya kahawa duniani ikapaa kwa miaka miwili iliyofuata. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei duni, na shilingi aliyolipwa ilikuwa inapoteza thamani. Ng'ambo ya mpaka, gunia hilo hilo lilikuwa na thamani mara nyingi zaidi.

Ndipo magendo yakashamiri. Soko la Chepkube, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Bungoma, likawa jina la utajiri wa ghafla. Kahawa iliteremka kutoka Bugisu kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, ikavuka kwa njia za panya usiku, na ikishafika ilipewa magunia mapya na kuuzwa kama kahawa ya Kenya. Upande wa Uganda, wavushaji walitishiwa kifo, na wako waliopigwa risasi. Upande wa Kenya, watu wachache walijenga majumba na kununua mashamba.

Kizazi cha miaka hiyo bado kinasimulia Chepkube kama hadithi ya ujanja. Mimi naiona kama hadithi ya wizi wa jina. Kahawa iliyolimwa na mkulima wa Masaba kwa jembe lake ilipata bei pale tu ilipokanwa kuwa yake. Na aliyebaki na hatari yote alikuwa yule yule aliyeipanda.

Desemba 2024 bei ya arabika katika soko la New York ilivunja rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1977, miaka ile ile ya Chepkube. Robusta nayo mwaka huo ilifika bei ambazo haikuwa imewahi kufika. Nafasi iliyotupita katikati ya miaka ya 1970 imerudi, na safari hii Kenya na Uganda ziko katika soko moja la Afrika Mashariki, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018. Hakuna tena sababu ya kahawa kupita gizani.

Somo kutoka visiwani

Jamaica ni kisiwa kidogo, na kahawa yake ni tone ukiilinganisha na ya Uganda. Lakini kahawa ya Blue Mountain huuzwa kwa bei inayozidi nyingi duniani, na kwa miongo mingi Wajapani wamekuwa wanunuzi wake wakuu. Wajamaika walifanyaje? Mwaka 1950 waliunda bodi ya kahawa yenye meno. Sheria ikataja maeneo ya mlima huo na kimo kinachokubalika, kati ya mita 900 na 1,700 hivi. Kahawa iliyolimwa nje ya hapo haina ruhusa ya kuitwa Blue Mountain, hata kama shamba linatazamana na mlima. Kabla ya kusafirishwa, kila fungu lilionjwa, na lililoshindwa likakataliwa.

Miche ya Blue Mountain ilifika pia magharibi mwa Kenya mapema katika karne iliyopita. Mti ulikuwa ule ule, na mlima wetu ni mrefu kuliko wao. Tulichokosa ni ule uamuzi wa kuchora mpaka kuuzunguka mlima ili kuulinda. Sisi tulichorewa mpaka unaoukata, na baada ya uhuru hatukukaa chini kuushona.

Visiwa vimetusaidia kwa njia nyingine pia. Ugonjwa wa kutu ya majani uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1861, kwenye kahawa ya mwituni ya eneo la Ziwa Victoria. Ulipofika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, ukaangamiza mashamba na kukigeuza kisiwa hicho kuwa nchi ya chai. Kisha katika miaka ya 1920, kisiwani Timor, ulipatikana mti uliotokana na arabika na robusta kujichanganya zenyewe shambani, na mti huo ulistahimili kutu. Damu yake imo katika Ruiru 11, aina iliyotolewa Kenya mwaka 1985, na katika Batian iliyofuata mwaka 2010. Mkulima wa Sirisia asiyenunua dawa ya kutu msimu huu anafaidi mti uliootea Timor, na mti huo nao ulikuwa na robusta, mwenyeji wa ziwa letu, ndani yake.

Jirani yetu wa kaskazini alifanya jambo lingine la kuigwa. Mwaka 2005 Ethiopia ilianza kuyasajili Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama zake za biashara. Kampuni ya Starbucks na wafanyabiashara wengine walipinga mwanzoni, lakini mwaka 2007 Ethiopia na Starbucks zilitiliana saini makubaliano. Na Waethiopia wenyewe hunywa karibu nusu ya kahawa wanayozalisha. Anayeonja kahawa yake kila asubuhi hawezi kudanganywa kuhusu thamani yake.

Kinachowezekana hapa

Jina la kushona mpaka tayari lipo: Masaba. Linatumiwa na watu wa pande zote mbili, na halimilikiwi na serikali yoyote. Kahawa ya arabika iliyolimwa katika kimo kinachokubalika cha mlima huo, ikasindikwa kwa masharti ya pamoja, ingeweza kuuzwa kwa jina hilo iwe imetoka Chesikaki upande wa Kenya au Bududa upande wa Uganda. Vyama vya ushirika vya Bungoma vingefundisha usindikaji wa fakitari, na wanunuzi wa Mbale wangefundisha malipo ya papo hapo. Jina lenyewe lazima limilikiwe na wakulima. Likiachwa mikononi mwa wauzaji wa nje pekee, litakuwa nembo nyingine ya kumnenepesha mwenye ghala.

Kwa Busia na Malaba kuna kazi mbili za kuanzia. Ya kwanza ni chumba cha kuonjea kahawa. Vifaa vyake si vingi: mashine ndogo ya kukaangia, kisagio, mizani, maji ya moto, bakuli na vijiko. Watu ndio muhimu. Vijana wa Teso na Busia wakifundishwa kuonja arabika na robusta kwa vigezo vya kimataifa, mji ambao umekuwa ukiishi kwa kugonga mihuri utapata ujuzi ambao nchi zote mbili zinauhitaji. Mkulima akiletewa kikombe cha kahawa yake na kuambiwa kasoro iliingia siku gani, atairekebisha msimu ujao. Leo wengi wao hawajawahi kuonja zao lililowalea.

Kazi ya pili ni robusta ya Busia yenyewe. Mabonde haya hayataweza kushindana na Elgon kwa arabika, wala hayahitaji kufanya hivyo. Uganda ina miche iliyochaguliwa na watafiti wa kituo chake cha kahawa cha Kituza baada ya ugonjwa wa mnyauko, ulioripotiwa mwaka 1993, kuua sehemu kubwa ya robusta ya nchi hiyo. Maarifa hayo yako mwendo wa saa chache tu kwa barabara. Kaunti ya Busia ikiyachukua kwa utaratibu wa karantini, na wakulima wakianika juu ya meza badala ya chini, robusta nzuri ya Kenya ingekuwa na kwao.

Soko nalo linatusukuma huko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba gani, ili kuthibitisha kwamba haikulimwa kwenye msitu uliofyekwa. Wengi wanaiona kama mzigo, na kwa mkulima wa nusu ekari kweli ni mzigo akiachwa peke yake. Lakini mashamba yakishaandikwa na kupimwa, sehemu ngumu zaidi ya kuwa na jina itakuwa imekamilika. Tutakuwa tumelazimishwa kujua kila gunia limetoka wapi, na litakuwa kosa letu kama tutaliuza tena bila kulisema.

Wakuu wa kaunti za Busia na Bungoma na wenzao wa Mbale, Manafwa na Kapchorwa hawahitaji mkataba mpya wa marais ili kuanza. Wanaweza kukubaliana kwamba msimu ujao wa mavuno kila chama kilete kilo chache za kahawa yake Malaba, zikaangwe na kuonjwa mbele ya wakulima wa pande zote, na matokeo yatangazwe kwa majina ya vijiji. Hatua hiyo moja ingegharimu kidogo kuliko semina ya siku mbili hotelini, na kwa mara ya kwanza mlimaji wa Masaba angesikia kahawa yake ikisifiwa kwa jina la alikoilima.